Kasha lipumue bila kunywa maji: Jinsi ya kubuni matundu ya hewa ya mitambo

Na MWANDISHI WETU

MVUA za masika zinapoanza kunyesha kati ya Machi na Mei, kuna tatizo ambalo hurejea mwaka baada ya mwaka katika miji inayouzunguka Mlima Kenya, kuanzia Kenol na Maragua hadi Karatina, Nyeri na Nanyuki. Pampu ya kisima hukataa kuwaka. Inveta ya sola hujizima. Swichi ya mashine ya kusagia mahindi hutoa cheche. Kasha la chuma linapofunguliwa, maji hukutwa yametuama ndani, ncha za nyaya zimefanya ukoko wa kijani, na mwenye mali huapa kwamba aliziba kila mwanya kwa silikoni.

Aghalabu kiapo hicho huwa cha kweli, na hapo ndipo penye chanzo cha tatizo. Kasha lililozibwa kabisa si lazima liwe kavu. Mara nyingi ndilo linalokusanya maji mengi zaidi, kwa sababu halina njia ya kuyatoa.

Hasara yake si ndogo. Maziwa ya jioni yanayosubiri kupozwa huharibika kabla ya mapambazuko iwapo kidhibiti cha mtambo wa baridi kimelowa. Bustani hukauka pampu ikizimika. La hatari zaidi ni kwamba kasha la chuma lenye unyevu laweza kupitisha umeme hadi kwenye mlango wake, na anayeushika akapoteza maisha.

Makala haya yanaeleza ni kwa nini maji huingia, jinsi matundu ya hewa yanavyopasa kubuniwa ili yayazuie, na jinsi mnunuzi au fundi anavyoweza kulipima kasha kabla ya kuliamini.

MAZINGIRA YA KENOL NA MLIMA KENYA

Kenol, mji wa Kaunti ya Murang'a uliopata jina lake kutokana na kituo cha mafuta cha kampuni ya Kenol, ndipo inapoanzia barabara pana ya kilomita 84 iendayo Sagana hadi Marua, Kaunti ya Nyeri. Atakayeifuata barabara hiyo ataona makasha ya kila namna: ya taa za barabarani, ya mitambo ya simu, ya mita za umeme, ya kamera za usalama na ya pampu za maji.

Makasha hayo hukabiliwa na maadui wanne kwa zamu. Januari na Februari huja vumbi jekundu. Masika huja na mvua nzito inayosukumwa na upepo. Julai, hasa upande wa Nyeri, huwa na ukungu na rasharasha zisizokatika. Oktoba hadi Desemba mvua za vuli hurejea. Kati ya misimu hiyo yote, jua la ikweta la adhuhuri laweza kumwaga takriban wati 1,000 za joto kwa kila mita mraba.

Kwa hivyo, tundu la hewa lililobuniwa kwa ajili ya kiwanda chenye paa haliwezi kuhamishiwa kando ya barabara ya Sagana na kutarajiwa kufanya kazi ile ile.

KWA NINI KASHA LILILOFUNGWA HUNYWA MAJI

Hewa hutanuka inapopata joto na hunywea inapopoa. Chukua kasha la lita 100 lililopigwa na jua hadi hewa iliyomo ikafikia nyuzi 50 za selsiasi. Likinyeshewa ghafla na kupoa hadi nyuzi 20, hewa hiyo hunywea kwa karibu asilimia 10. Kasha lenye njia ya hewa huvuta takriban lita 10 za hewa kutoka nje, kisha huzitoa tena kesho yake mchana. Ni kana kwamba hupumua mara moja kwa siku.

Kasha lililozibwa haliwezi kupumua, hivyo mnyweo huo hugeuka kuwa nguvu ya kufyonza. Nyeri, mji ulio karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, shinikizo la kawaida la hewa ni takriban kilopaskali 82. Asilimia tisa ya shinikizo hilo yatosha kuinua maji ndani ya mrija kwa zaidi ya sentimita 70. Mpira wa kuzibia mlango uliochakaa, au silikoni iliyoachana na bati kwa unene wa unywele, hauwezi kustahimili mfyonzo kama huo huku maji ya mvua yakiwa yamesimama juu yake. Maji huvutwa ndani, na kesho yake jua linapowaka, hewa peke yake ndiyo hutoka.

Hata pale ambapo maji ya mvua hayaingii, mvuke huingia. Mita moja ya ujazo ya hewa iliyoshiba unyevu kwa nyuzi 20 hubeba takriban gramu 17 za maji. Ikipoa hadi nyuzi 10, kiwango cha kawaida cha usiku wa baridi katika sehemu hizi, huweza kubeba gramu tisa hivi tu. Gramu nane zinazosalia hugeuka matone kwenye chuma na kwenye nyaya. Kiasi cha usiku mmoja ndani ya kasha dogo ni haba, lakini haba na haba hujaza kibaba: baada ya msimu mzima, kasha lisilo na njia ya kutoa maji huwa na kidimbwi.

Wahandisi wa umeme walilitambua jambo hili zamani. Transfoma kubwa zenye tangi la akiba la mafuta hazizibwi kabisa. Huwekewa mrija wa kupumulia wenye chembechembe za silika, ambazo hufyonza unyevu wa hewa inayoingia na kubadilika rangi zinaposhiba, ili fundi ajue wakati wa kuzibadilisha.

SOMO LA KISANDUKU CHA STEVENSON

Mfano bora wa kasha linalopitisha hewa na kuzuia mvua unafahamika na kila aliyesoma Jiografia katika shule ya upili. Ni kile kisanduku cheupe chenye miguu kinachohifadhi vipimajoto katika vituo vya hali ya hewa. Kilibuniwa katika miaka ya 1860 na Thomas Stevenson, mhandisi wa minara ya taa kutoka Scotland, ambaye pia alikuwa babaye mwandishi Robert Louis Stevenson.

Kuta zake zimeundwa kwa vibamba vilivyoinamishwa, ambavyo mafundi huviita luva, vikiwa katika safu mbili. Safu ya nje huelekeza maji chini na nje, nayo ya ndani huzuia matone yaliyoponyoka. Paa ni la tabaka mbili, na hewa hupita katikati yake. Rangi nyeupe hurudisha miale ya jua, nayo miguu hulitenga kasha na maji yanayoruka kutoka ardhini.

Fikra hiyo haikuwa ngeni katika nchi hii. Ghala la jadi la Wagikuyu, ikũmbĩ, liliinuliwa kutoka ardhini, kuta zake zikasukwa kwa fito ili hewa ipenye, na paa la nyasi likachomoza mbali kuzidi ukuta. Nafaka ilipumua na mvua haikuifikia. Kanuni ni zile zile: kivuli kwanza, njia ya hewa iliyofichwa, na mahali pa maji kutokea.

AMUA KWANZA: MATUNDU AU UTANDO?

Swali la kwanza ni kiasi cha joto kinachozalishwa ndani. Kasha la chuma lililopakwa rangi hutoa kupitia kuta zake takriban wati 5.5 kwa kila mita mraba, kwa kila nyuzi moja ambayo ndani kumezidi nje. Kwa hivyo, kasha lenye mita mraba moja ya kuta zilizo wazi, ambalo joto lake la ndani linaruhusiwa kuzidi la nje kwa nyuzi 10, litaondoa wati 55 bila tundu lolote, mradi limo kivulini.

Mita, kamera na vidhibiti vidogo huzalisha pungufu ya hapo. Makasha yake yafaa kufungwa, kisha yawekewe kizibo chenye utando wa kupumua. Inveta kubwa na vidhibiti vya mota huzalisha joto jingi zaidi. Hayo yanahitaji matundu halisi, au mapezi ya chuma yanayotoa joto nje huku kasha likibaki limefungwa.

Joto si la kupuuzwa. Kwa kanuni inayotumiwa na wahandisi, kila nyongeza ya nyuzi 10 hupunguza takriban kwa nusu maisha ya kapasita zenye majimaji zinazotumika katika inveta. Anayeziba matundu yote kwa kuogopa mvua huuokoa mtambo wake na maji, kisha akaukaanga taratibu.

KUPIMA UKUBWA WA TUNDU

Miji ya mlimani ina tatizo ambalo Mombasa haina. Hewa yake ni nyepesi, hivyo hubeba joto kidogo. Ili kuondoa wati 500 huku hewa ikipanda joto kwa nyuzi 10, Mombasa huhitaji karibu mita 150 za ujazo wa hewa kwa saa. Nyeri huhitaji karibu 185. Feni iliyochaguliwa kwa jedwali la usawa wa bahari itapungukiwa kwa takriban moja ya tano.

Kasi ya hewa nayo ina kikomo. Tone kubwa la mvua la milimita mbili huanguka kwa mita sita hivi kwa sekunde, na si rahisi kulivuta. Lakini chembe ya rasharasha ya milimita 0.2 huanguka kwa chini ya mita moja kwa sekunde. Hewa inayoingia kwa kasi kuliko hiyo huibeba na kuiingiza. Ndiyo maana inapendekezwa kasi katika tundu la kuingilia isizidi nusu mita kwa sekunde. Kwa kasha letu la wati 500, hilo lahitaji nafasi wazi ya takriban sentimita mraba 1,000, sawa na sentimita 25 kwa 40.

Nafasi wazi ni ile inayosalia baada ya kuondoa unene wa luva na nyuzi za wavu. Wavu mwembamba waweza kumeza karibu nusu ya nafasi, na wavu ulioshika vumbi huimeza yote. Fundi atakayekata dirisha la sentimita 25 kwa 40 kisha akalifunika kwa wavu wa mbu atakuwa ameupa mtambo nusu ya hewa aliyoikusudia.

UMBO LINALOZUIA MVUA

Mvua hainyeshi wima. Tone linaloanguka kwa mita sita kwa sekunde, likisukumwa na upepo wa mita 10 kwa sekunde, huja likiwa limeinama kwa karibu nyuzi 60 kutoka wima. Kwa sababu hiyo, luva hazina budi kupishana kiasi kwamba jicho lililo nje, hata likitazama kwa mlalo, lisione ndani.

Umbo linalofaa lina sehemu hizi:

1. Tundu la kuingilia liwe chini na la kutokea liwe juu, pande mbili zinazokabiliana, kwa kuwa hewa moto hupanda. Nguvu ya mpando huo ni ndogo mno. Katika kasha la nusu mita, shinikizo lake halifikii hata sehemu ya kumi ya milimita moja ya kina cha maji, hivyo kizuizi kidogo tu huikatiza.

2. Kila luva iwe na ukingo uliokunjwa chini kwenye mwisho wake wa nje, ili tone lidondoke badala ya kutambaa kwa chini ya bati hadi ndani.

3. Nyuma ya luva kuwe na bati la pili linalolazimisha hewa kupinda kabla ya kufika kwenye mtambo. Hewa hupinda kwa urahisi, lakini tone zito hushindwa, hugonga bati na kutiririka.

4. Chini ya bati hilo kuwe na mfereji unaoyarudisha maji nje, na katika pembe ya chini kabisa ya kasha kuwe na kitundu cha kutolea maji.

5. Paa lichomoze mbele ya mlango na liwe na mteremko. Paa la pili, lililoachwa mwanya wa sentimita chache juu ya la kwanza, hupunguza joto la jua bila gharama ya umeme.

6. Nyaya ziingie kutoka chini, zikiwa zimepinda kama kombe kabla ya kupanda, ili maji yanayozifuata yadondokee nje.

7. Wavu wa matundu ya milimita moja hivi uzuie nyigu, siafu na mijusi. Kiota cha nyigu kimoja chatosha kuziba tundu lote.

Iwapo feni inatumika, ni bora isukume hewa ndani kupitia chujio kuliko kuifyonza nje. Feni inayofyonza hufanya kila mwanya wa kasha uvute maji na vumbi. Inayosukuma huufanya kila mwanya upulize nje.

UTANDO UNAOPUMUA

Ukungu hauzuiwi na luva. Chembe zake, zenye unene wa sehemu chache za mia za milimita, huelea na kufuata hewa popote iendapo. Kwa makasha yenye joto kidogo, dawa yake ni utando wa plastiki iitwayo PTFE, ambayo iligunduliwa na Roy Plunkett nchini Marekani mwaka 1938. Mwaka 1969 Robert Gore aligundua kwamba plastiki hiyo ikivutwa kwa ghafla hufanya vinyweleo vidogo mno. Hewa na mvuke hupenya, lakini maji hubaki juu kwa kuwa hayashikamani nayo.

Kizibo chenye utando huo hufungwa kama skrubu ubavuni au chini ya kasha. Husawazisha shinikizo, hivyo mpira wa mlango haufyonzi tena. Kwa kuwa mvuke wenyewe hupenya, mahali penye baridi kali huongezwa kipasha joto kidogo cha wati chache kinachowaka usiku. Utando haupakwi rangi wala mafuta, kwani vyote viwili huziba vinyweleo vyake.

KUSOMA NAMBARI ZA IP

Makasha mengi madukani huandikwa herufi IP na tarakimu mbili, kwa mujibu wa kiwango nambari 60529 cha Tume ya Kimataifa ya Teknolojia ya Umeme (IEC). Tarakimu ya kwanza, 0 hadi 6, huhusu vitu vigumu: 4 huzuia waya wa milimita moja, 5 hupunguza vumbi na 6 hulizuia kabisa.

Ya pili huhusu maji. Tarakimu 3 ni mnyunyizo ulioinama hadi nyuzi 60 kutoka wima, 4 ni maji yanayoruka kutoka kila upande, 5 na 6 ni mikondo ya mpira wa maji, na 7 ni kuzamishwa kwa nusu saa katika kina cha mita moja. Kasha la luva lililobuniwa vyema laweza kufikia 3 au 4. Anayetaka zaidi ya hapo hana budi kutumia utando au mapezi.

Mnunuzi azingatie mambo mawili. Kwanza, kufaulu 7 si ithibati ya kufaulu 5 au 6, kwa kuwa majaribio ni tofauti. Pili, nambari hizo hazihusu umande unaojifanya ndani, na hubatilika pindi fundi anapotoboa kasha kupitisha waya.

BETRI: ONYO LA PEKEE

Betri za risasi na asidi hutoa gesi ya haidrojeni zinapochajiwa. Gesi hiyo ikifikia asilimia nne ya hewa, cheche moja huilipua. Sanduku la betri hizo lisizibwe kamwe, na kwa kuwa haidrojeni ni nyepesi kuliko hewa, tundu la kutokea liwe kwenye sehemu ya juu kabisa. Inveta isiwekwe katika sanduku moja na betri za namna hiyo.

JINSI YA KULIJARIBU KASHA

Kabla ya kufunga mtambo, ingiza tochi inayowaka ndani ya kasha usiku na ulifunge. Zunguka nje. Popote mwanga unapokufikia moja kwa moja machoni, mvua nayo ina njia.

Kisha tandika magazeti makavu ndani, ukiwa hujaunganisha umeme, na ulinyunyizie kasha maji kwa kopo la kumwagilia bustani kwa dakika 10, juu na kila upande. Fungua na uchunguze karatasi. Doa litakuonyesha njia ya maji kwa usahihi ambao jicho halina.

Kasha ambalo tayari lina umeme lisifunguliwe na asiye fundi. Sheria ya Kawi ya 2019 iliipa Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) jukumu la kuwapa leseni mafundi wa umeme, na ni haki ya mteja kuomba kuonyeshwa leseni hiyo.

Hatimaye, matundu yana haja ya kutunzwa. Mwisho wa Februari, vumbi linapokuwa limejaa na mvua hazijaanza, ndio wakati wa kusafisha wavu, kubadilisha chujio, kuzibua kitundu cha maji na kukagua mpira wa mlango. Mwisho wa Septemba, kabla ya vuli, kazi hiyo irudiwe. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ni kweli. Lakini kwenye kasha la mitambo, kabla hujaufikia mkebe wa silikoni, hakikisha kwamba unachotaka kukiziba ni ufa, wala si pua.